Mzee Kibacha wa Wiki Sita

Nchi ya Idadini ipo, na asiyeamini aende akaone. Njia ya huko haielezeki, maana kila aliyewahi kufika alifika kwa kupotea. Bibi Nakaniwa alifika asubuhi moja ya manyunyu, akiwa na kikapu cha ndizi, mbeleko ya zamani iliyofifia rangi, na jina.

Jina lilikuwa lake mwenyewe. Alipewa na bibi yake, naye bibi yake alipewa na bibi yake, na sasa mwanawe wa pekee, Eliwaza, aliyeolewa Idadini, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Kwa desturi ya kwao, mjukuu huyo ndiye wa kulipokea. Bibi hakuwa na mtoto mwingine wala mjukuu mwingine. Lisipopokelewa hapo, lingeishia kwake, kama moto wa jikoni ambao hakuna aliyeamka kuuchochea.

Langoni alimkuta mtu mwenye masharubu manene kama brashi ya viatu, amevaa kitenge cha maua na kilemba kilichofungwa vizuri sana.

"Shikamoo, bibi," alisema yule mtu kwa sauti nzito. "Mimi ni Mama Hosiana. Itikia upesi, tafadhali, kabla sijakufunga kamba."

Bibi Nakaniwa aliyatazama masharubu, akakitazama kilemba, akaona hayamhusu. Alikuwa amelelewa vizuri. "Marahaba, mama. Kamba ya nini?"

"Ya furushi. Nikishakufunga utakuwa furushi, na furushi haliamkiwi. Ndiyo maana nimewahi."

Akamweleza huku akimpandisha kwenye mizani ya kupimia magunia ya kahawa. Hapo zamani, siku parokia ilipofunguliwa, padri wa kwanza aliwahesabu waumini wake, akapata wanaume mia tatu na kumi na wanawake mia tatu na kumi na mmoja. Askofu alipoisikia idadi hiyo alisema, "Idadi nzuri." Hakuna kitu kingine cha Idadini kilichowahi kusifiwa na askofu. Basi watu waliichonga juu ya mlango wa kanisa, wakaapa kwamba haitapungua wala haitaongezeka, na hadi leo haijapungua wala haijaongezeka.

"Sasa wewe nikikuhesabu kuwa mtu," alisema Mama Hosiana, "wanawake watakuwa wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Unaiona shida yenyewe."

Bibi hakuiona, lakini aliona jinsi yule mtu alivyoilegeza kamba ili isimkwaruze mkono, akamshukuru moyoni. Mama Hosiana aliandika uzito ukutani kwa chaki, akampa kikapu chake, akasema kwa huzuni kidogo, "Pita, furushi."

*

Njiani Bibi Nakaniwa alijionea mengi. Ukiwatazama watu wa Idadini kwa macho, wanawake ni wengi kuliko wanaume, maana vijana wa kiume huondoka kwenda kutafuta kazi na kazi huwa haiwarudishi. Ukiwatazama kwa idadi, wako sawasawa na siku ile ya askofu. Siri yake ni nafasi. Kila mtu wa siku ya kwanza aliacha nafasi, na jina la nafasi halibadiliki. Anayezaliwa hungoja nafasi iliyo wazi, na akiipata huingia humo mzima mzima: jina, jinsia, umri na hata tabia.

Alikutana na mwalimu akimkemea msichana wa darasa la tatu aliyekuwa amechafua sare. "Mzee Petro," alisema mwalimu, "samahani sana kwa kukusumbua, lakini ukirudia tena kucheza kwenye tope, pamoja na heshima zako zote, nitakuchapa."

"Nimekusikia, mwanangu," alijibu yule msichana.

Mbele kidogo, kwenye genge la chai, watu wawili walimjadili kana kwamba hayupo.

"Furushi hili ni la nani?"

"La Eliwaza, nasikia. Limetoka mbali. Tulipe chai."

"Tulitilie sukari kiasi gani?"

"Vijiko viwili," alisema Bibi Nakaniwa.

Wote wawili walitazama pembeni kwa aibu, kama watu waliosikia mtu akijamba kanisani. "Furushi halisemi," alinong'ona mmoja wao, akiiambia birika.

"Sasa tutajuaje?"

Walifikiri. Mwishowe waliafikiana kwamba furushi likitikisika si kosa la mtu. Wakataja kijiko kimoja, Bibi akatulia. Wakataja viwili, akatikisa kichwa hadi kilemba kikamlegea. Chai ilikuwa nzuri, ya tangawizi, na hakuna aliyemdai hata senti, kwa kuwa furushi halina mfuko.

*

Eliwaza alimpokea mama yake kwa machozi, akamfungulia kamba, maana ndani ya nyumba sheria haikuona. Bibi Nakaniwa hata hakuketi.

"Yuko wapi?"

"Mama, kabla hujamwona..."

"Eliwaza, nimetembea na mvua. Yuko wapi?"

Mtoto alikuwa kitandani. Alikuwa na wiki sita, mashavu kama maandazi, na alikuwa amefunikwa koti jeusi la mwanamume lililonuka ugoro. Kushoto kwake kulikuwa na fimbo. Kulia kwake, kofia.

"Huyu ni Mzee Kibacha," alisema Eliwaza, akalia upya.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kujifungua ulipokaribia, hapakuwa na nafasi hata moja ya mwanamke. Mtoto asiye na nafasi hapewi jina, habatizwi, na akiugua anatibiwa na fundi wa magunia. Lakini wiki moja kabla ya uchungu, Mzee Kibacha wa baraza la parokia alifariki dunia akiwa na miaka themanini na mbili. Eliwaza na mumewe walikimbilia nafasi hiyo kabla haijachukuliwa. Wangefanya nini?

"Bado hajabatizwa," alisema Eliwaza. "Atabatizwa Jumapili. Akishabatizwa kwa jina hilo, mama, basi. Ni Kibacha mpaka anazeeka."

"Alishazeeka, kwa maelezo yako," alisema Bibi. Akamtoa mtoto kwenye koti, akamnusa shingoni, akamwambia polepole, "Mimi naitwa Nakaniwa. Na wewe tutaona."

Mtoto alimtazama kwa umakini mkubwa, akacheua.

Jioni mlango ulibishwa, akaingia mama mzee mwembamba, mwenye gauni jeusi la msiba, amebeba sufuria ya uji. Huyo alikuwa Bi Tabea, mjane wa marehemu Kibacha. Kwa sheria hakuwa mjane tena. Mume wake alikuwa amerudi, na ilimpasa amhudumie.

"Nimemzika mume wangu," alimwambia Bibi Nakaniwa jikoni, maana jikoni hata furushi liliruhusiwa kuongea. "Nimemlilia vizuri, nimewapikia watu. Sijamaliza kuosha masufuria, naambiwa njoo ufue nepi zake."

"Pole, mwenzangu."

"Nimeshapoa. Miaka hamsini tangu anioe hakuwahi kunichekea. Yeye kazi yake ilikuwa kupinga. Akiamka, anapinga jua. Nikipika wali, kwa nini si ugali; nikipika ugali, anapinga mboga. Siku moja barazani alitoa hoja yeye mwenyewe, halafu akasimama akaipinga." Bi Tabea akamtazama mtoto, naye mtoto akafungua mdomo wote usio na jino, akamchekea. Mama mzee aliweka sufuria chini. "Unaona? Sasa ananichekea. Sasa! Nakuja hapa kila jioni nimgombeze kwa yale ya miaka yote, nikifika ananifanyia hivi, nasahau yote."

"Ungependa aendelee kuwa mume wako?"

Bi Tabea alikoroga uji kwa muda. "Ningependa apumzike," alisema. "Alikuwa mtu mgumu, lakini alichoka. Na huyu mdogo hajachoka bado. Mtu asianze maisha akiwa amechoka."

Ule uji ulikuwa wa Eliwaza. Bi Tabea alikuwa ameona kwamba mama aliyejifungua hapati mtu wa kumpikia, akaamua kwamba kumhudumia mume kunaanza na kumlisha anayemnyonyesha. Hakuna sheria iliyomwambia hivyo. Bibi Nakaniwa aliliona jambo hilo akaliweka moyoni.

*

Mlinzi wa Idadi aliitwa Mzee Sefania, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyetembea kwa uangalifu kama aliyebeba mayai. Bi Tabea alimfuata ofisini, na Bibi Nakaniwa akaenda naye kama mzigo wake.

"Nataka kutoa hoja," alisema Bi Tabea. "Iongezwe nafasi moja ya mwanamke. Mtoto wa Eliwaza aingie humo. Na ya mume wangu iachwe."

Mzee Sefania alivua miwani. "Iachwe? Iachwe wazi?"

"Iachwe. Amekufa."

"Bi Tabea, hapa hajafa mtu tangu parokia ifunguliwe. Idadi ingepungua." Alilisema hilo kwa upole wa kweli, kama daktari. "Hata hivyo, hoja ni haki yako. Sheria unaijua. Yasomwe majina yote ya siku ya kwanza, moja baada ya jingine, mbele ya baraza zima. Mjumbe yeyote akitoa sauti kabla ya jina la mwisho, amepinga. Wote wakinyamaza hadi mwisho, wamekubali. Mara ya mwisho tulijaribu nilipokuwa kijana, tuliishia jina la pili."

"Nani alitoa sauti?"

"Mume wako."

"Na sasa kiti chake anakalia nani?"

Mzee Sefania akavaa miwani tena. "Mume wako," alisema. "Na naomba niseme, mama, hajabadilika. Tangu ameanza kuhudhuria vikao amepinga daraja, amepinga kisima na amepinga sala ya kufunga. Kwa sauti kubwa kuliko zamani."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Jumamosi, toka asubuhi hadi majina mia sita na ishirini na moja yaishe, mtoto wa wiki sita asilie. Akilia, Jumapili anabatizwa Kibacha.

"Eliwaza atakaa naye amnyonyeshe," alisema Bi Tabea.

"Kula ni marufuku barazani. Hoja ya marehemu."

"Basi mimi nimbebe."

"Wewe ndiye mtoa hoja. Huruhusiwi kumgusa mjumbe, itakuwa kumshawishi." Mzee Sefania alisita, akatazama dirishani, kwenye mti wa kahawa ambao haukuwa na jambo lolote la kutazamwa. "Ila mjumbe mwenye umri mkubwa anaruhusiwa kuja na furushi lake. La kuegemea. Mgongo ukiuma."

Bibi Nakaniwa alitikisika.

*

Jumamosi baraza lilijaa. Upande wa wanaume walikaa wazee wa kanisa, zaidi ya nusu wakiwa akina mama wenye kofia na makoti, mmoja wao mjamzito. Upande wa wanawake alikaa Mama Hosiana akigawa maandazi aliyoyapika mwenyewe, hadi alipokumbushwa marufuku, akayaficha chini ya kitenge. Mzee Petro alikaa akibembeza miguu isiyofika chini. Katikati, kwenye kiti cha marehemu Kibacha, liliwekwa furushi lenye mgongo mpana, na mgongoni mwake, ndani ya mbeleko iliyofifia, akafungwa mjumbe mwenyewe, ameshiba mpaka macho yanalegea.

"Mzee Kibacha yupo?" aliuliza Mzee Sefania.

Mzee Kibacha akapiga kwikwi.

"Usomaji haujaanza," alisema Mzee Sefania haraka. "Hiyo haihesabiwi. Naanza. Abinadabu wa Mtoni."

Akaendelea. Abneri mfua vyuma. Ada mke wa Abneri. Ada mwingine, mwenye kigugumizi. Ilikuwa idadi ya watu waliowahi kuishi, na Bibi Nakaniwa, aliyedhani atachoka, alijikuta akiwasikiliza. Kulikuwa na Damari aliyefuga nyuki. Kulikuwa na Elisha asiyependa viatu. Mtu aliyeziandika habari hizo alikuwa amewapenda. Nyuma ya idadi nzuri ya askofu kulikuwa na watu, na kila mmoja alikuwa na jambo lake ambalo halikuweza kukaliwa na mwingine. Aliwaona watu barazani wakishtuka kidogo majina ya nafasi zao yanapotajwa, kama mtu anayesikia jirani yake akiitwa.

Walipofika kwenye herufi J, Mzee Kibacha aliamka.

Bibi alimsikia akijinyoosha mgongoni. Angemwimbia, lakini furushi haliimbi. Angesimama amtembeze, lakini furushi hukaa pale lilipowekwa. Akaanza kuyumba kidogo kidogo, kushoto, kulia.

"Pingamizi!" alisema mjumbe mmoja mwembamba kwa midomo tu, bila sauti, maana alipinga furushi, si hoja. Akaandika kwa kidole hewani: LINAYUMBA.

Mama Hosiana alisimama. Alikwenda hadi kwenye furushi, akalitazama kama mtu aliyeona gunia limekaa upande. Akalishika mabegani kwa mikono yake mikubwa, akalisogeza kushoto, akaonekana hajaridhika; akalisogeza kulia, hapana; akalirudisha kushoto. Kulipanga furushi vizuri si kosa, na huyu alikuwa mtu wa langoni, alijua kazi yake. Alilipanga furushi lile kwa zaidi ya majina mia moja bila kupumzika. Jasho lilimtiririka hadi kwenye masharubu.

Mtoto alitulia. Kisha akakumbuka kwamba ana njaa.

Kilio kilianza kama mlio wa mlango unaofunguliwa polepole. Bibi alikisikia mgongoni kabla hakijatoka kinywani. Kidogo tu, mama, alimwomba kimoyomoyo. Nakaniwa wangu, kidogo tu.

Hapo Bi Tabea akaanza kuguna wimbo. Yeye hakuwa mjumbe, alikuwa mtoa hoja, na mtoa hoja hakukatazwa kuguna. Haukuwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa ule wa kubembeleza ambao kila mama wa milimani anaujua na hakuna anayejua aliujulia wapi. Akina mama waliokaa nyuma kusikiliza wakaudaka. Wakauguna kwa chini, chini sana, kama maji yanayopita chini ya jiwe. Mzee Sefania aliacha kusoma.

Kila mtu alimtazama. Angeweza kusema neno moja na mambo yote yangeishia hapo. Angeweza hata kukohoa. Aliutazama mgongo wa furushi, akautazama mkono mdogo uliochomoza kwenye mbeleko, umekunja ngumi kwa kupinga kitu fulani. Kisha akaendelea kusoma, ila sasa alishusha sauti, na majina yakaanza kufuata ule mguno, moja huku, moja kule.

"Rahabu wa kilimani... Rebeka mke wa Yona... Ruthu... Ruthu mdogo... Ruthu aliyecheka..."

Mzee Petro ndiye wa kwanza kulala, kichwa kwenye paja la jirani. Akafuata yule mjumbe mwembamba, kidole chake bado kiko hewani. Wakafuata wazee wenye kofia, benchi moja baada ya jingine. Mama Hosiana alilala wima, mikono ikiwa juu ya furushi. Mgongoni mwa Bibi palikuja ule uzito ambao mama yeyote anaujua, uzito wa mtoto aliyejiachia wote.

"Zuberi," alisema Mzee Sefania kwa mnong'ono. "Mwisho."

Akangoja. Barazani kulisikika mikoromo, lakini mikoromo, baada ya Mzee Sefania kuifikiria kwa muda mrefu, ilitoka puani, na sheria ilitaja sauti ya kinywa. Akapiga muhuri.

"Hoja imepita," alisema, "bila kupingwa na mtu aliye macho."

Bibi Nakaniwa, aliyekuwa macho, alitikisika.

Mzee Sefania alikuja karibu, akainama kama anayekagua kamba ya furushi. "Mama yangu," alisema taratibu, "jikoni alikuwa akiniita Senkondo. Jikoni tu. Mlangoni nilikuwa Sefania. Nilipokuwa nasoma pale mwisho, nimejaribu kukumbuka sauti yake ilivyokuwa akiniita, nikaikumbuka." Akapangusa miwani kwa mkono wa shati. "Basi ni hilo tu."

Furushi lilinyoosha mkono, likamshika wake.

"Pole, Senkondo," lilisema. Na hakuna aliyeandika kosa hilo popote.

*

Jumapili mtoto alibatizwa Nakaniwa. Alilia kwa nguvu zote, akapinga maji, akapinga chumvi, akapinga mshumaa, na Bi Tabea kwenye benchi la mbele alicheka hadi akashika mbavu. Juu ya mlango fundi alichonga upya: wanaume mia tatu na tisa, wanawake mia tatu na kumi na wawili. Watu walisimama chini yake wakiwa wamelaza shingo nyuma. Kuna waliosema mbingu itaanguka. Ilinyesha tu, na ilikuwa majira yake.

Bi Tabea alilichukua lile koti jeusi akalifukia kaburini kwa mumewe, pamoja na fimbo, kofia na kopo la ugoro. Alipanda ua juu yake. "Asipolipenda, atasema," alisema. Alingoja kidogo pale kaburini. Hakuna aliyepinga.

Wiki hiyohiyo baraza lilimwita Mama Hosiana, likamwambia kwamba, kwa kuwa sasa mambo yamelegea, akitaka anaweza kuwa mwanamume.

Mama Hosiana alishika masharubu akafikiri. "Kikundi cha akina mama kinakutana lini?"

"Alhamisi."

"Na tumepanga kupika nini?"

"Vitumbua."

"Basi nipeni hadi Ijumaa," alisema. Ijumaa alipoulizwa, akauliza Alhamisi inayofuata watapika nini.

Siku ya kuondoka ilipofika, Eliwaza alimsindikiza mama yake hadi langoni, mtoto akiwa mgongoni ndani ya ile mbeleko, ambayo sasa ilikuwa imehamia nyumba nyingine. Mama Hosiana alimpandisha Bibi kwenye mizani, kwa sababu furushi lililoingia Idadini lazima litoke na uzito uleule. Akasoma. Akasoma tena. Akatazama ukutani kwenye chaki.

"Umeongezeka," alisema.

"Uji wa Bi Tabea," alisema Bibi. "Na maandazi yako, usijifanye hujui."

"Sheria inasema kilichozidi kibaki."

"Nimeshaacha kitu changu humo ndani. Kata kwenye hicho."

Mama Hosiana alimtazama Eliwaza, akamtazama mtoto mgongoni, aliyekuwa amelala na mdomo wazi. "Jina lina uzito gani?"

"Mimi nimelibeba tangu nizaliwe," alisema Bibi Nakaniwa. "Nalijua. Andika tu sawasawa."

Mama Hosiana aliandika sawasawa. Kisha akaifungua kamba mkononi mwa bibi, akaikunja vizuri akaitia mfukoni, akarekebisha kilemba chake, na akainama.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Nakaniwa, na akashika njia ya kupotea kurudi kwao, mikono mitupu na miguu myepesi.